Ombi la Kufutiwa Arobaini Yangu

Stamat Garvalov
Mtengeneza Programu, miaka kumi na tisa kazini
Meza ya dirishani, ghorofa ya tatu
Haskovo
3 Novemba

Kwa Mhandisi Radostina Kehayova
Mkuu wa Idara ya Programu
Meza ya karibu na mashine ya kahawa, ghorofa hiyo hiyo

YAH: KIFO CHANGU CHA TAREHE 6 OKTOBA NA USUMBUFU ULIOFUATA

Ndugu Mkuu wa Idara,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya. Mimi pia ni mzima wa afya, na ndiyo sababu ya kuandika.

Najua kwamba unakaa hatua nane kutoka mezani kwangu, na kwamba ningeweza kuinuka nikakueleza kwa mdomo. Nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa kikaoni, mara ya pili ulikuwa umeziba masikio kwa vile vidude vya muziki, na mara ya tatu uliniambia kwa upole wako wa siku zote, "Mzee Stamat, niandikie tu, nitaliona." Kukuandikia kwa kompyuta siwezi, kwa sababu utakayoikuta kwenye lalamiko la nne. Basi nimenunua karatasi.

Ombi lenyewe ni dogo. Kwenye foleni yetu ya kukodi, ile inayokaa kwenye mitambo ya watu huko Ujerumani, kuna jumbe tano za kumbukumbu ya kifo, zilizotengenezwa na mfumo wenyewe kwa jina langu, zinazosubiri siku zake: arobaini, miezi mitatu, miezi sita, miezi tisa na mwaka. Wa arobaini utatoka wenyewe tarehe 14 Novemba saa mbili asubuhi, bila kuguswa na mtu. Utakwenda kwenye mashine ya kuchapia, matangazo yatachapwa, mbandikaji wetu Dinko atachukua ndoo yake ya gundi na kuyabandika hapa mjini na kijijini kwetu Gorna Slivka. Moja litabandikwa kwenye lango la kaka yangu Zafir. Mimi na Zafir tuna jambo letu ambalo tangazo hilo litalimaliza vibaya, nami nitalieleza mahali pake. Naomba jumbe zote tano zifutwe kabla ya siku hiyo, na ile programu yako iitwayo kontena ifutwe pamoja nazo.

Asije mtu akasema kwamba Stamat analalamika kwa uzee. Nitapanga hoja zangu kwa namba, kama unavyotaka tufanye kwenye ripoti.

Kwanza tukumbushane kazi yetu. Mtu akifa katika mkoa huu, wafiwa huagiza tangazo la msiba kupitia mfumo wetu: picha, maneno mawili matatu ya sifa, na majina ya wafiwa chini. Agizo huingia kwenye foleni, mashine ya kuchapia hulichukua kutoka humo, na Dinko hubandika. Mfumo huo niliutengeneza mimi. Foleni yangu ilikaa kwenye kabati la chuma pale koridoni, niliifunga kwa mkono, na kila kipande cha programu kiliijua kama mtu anavyojua mlango wa kwao. Kwa miaka yote hiyo haikupoteza ujumbe hata mmoja. Narudia, maana jambo hili litarudi huko chini: hata mmoja.

Ukaja wewe kutoka makao makuu, mjini Sofia. Kabati la chuma likapelekwa kwa wauza vyuma chakavu, foleni ikakodiwa ughaibuni, na tukaletewa kontena, yaani programu inayozigawia programu nyingine mahitaji yao. Nililielewa, usidhani sikulielewa. Siku hizi kipande cha programu hakitafuti foleni. Kinanyoosha mkono tu kusema kinahitaji foleni, na kontena linakipa. Kinapewa foleni ipi? Hiyo si juu yake. Inategemea mistari tuliyosajili kwenye lile faili moja. Ni kama mtoto mezani anayenyoosha sahani akapakuliwa bila kuuliza sufuria. Kwa chakula sina neno, mama yangu alitulea hivyo hivyo. Kwa vifo, Ndugu Mkuu, nina neno.

1. Kontena linampendelea aliyekuja mwisho.

Tarehe 6 Oktoba ulituambia tujaribu njia nzima mpya, tangu agizo mpaka mashine, kwa kutumia foleni ya majaribio. Ili kujaribu alihitajika marehemu. Unakumbuka ilivyokuwa. Ulisema tubuni jina, na hakuna aliyegusa kompyuta, kwa sababu katika mji huu jina lolote utakalobuni lina mwenyewe, na mwenyewe ana shangazi atakayekuja kukuuliza. Mmoja aligonga mbao za meza na kuvuta ncha ya sikio ili kufukuza mkosi. Mwingine ghafla alikumbuka simu ya kupiga. Watu wenye shahada zao.

Mimi siamini mambo hayo. Nikaandika jina langu kamili, mwaka wangu wa kuzaliwa, kijiji changu, na picha ya kitambulisho cha kazi ambayo mke wangu Nevena anasema inanifanya nionekane kama mtu aliyekamatwa. Penye sifa za marehemu nikaandika la kweli: "Kazi yake haikuwahi kukosea." Penye wafiwa nikaandika mke wake Nevena na wafanyakazi wenzake, maana nilikuwa na haraka.

Kisha nikafungua faili la usajili. Mstari wako wa foleni halisi ulikuwa umekwisha kuwepo. Mimi nikauongeza wa foleni ya majaribio, na nikauweka juu ya wako, wa kwanza kabisa.

Naomba unisikilize hapa. Mimi nimekulia kwenye foleni, wewe hukuzikuta. Enzi za ukomunisti ndizi zilikuwa adimu, na kila mwisho wa mwaka zilipokuja, mama alitutoa kitandani kabla hakujapambazuka, akatupanga mbele ya duka, Zafir mbele na mimi nyuma nimeshika koti lake ili mtu asijipenyeze katikati yetu. Baba alijiandikisha apate gari akasubiri miaka kumi na miwili, na kila mwaka alikwenda kutazama namba yake imesogea kiasi gani. Katika foleni zote hizo sheria ilikuwa moja, aliyetangulia anahudumiwa. Akija mama mmoja wa mwisho kisha akahudumiwa wa kwanza, tulijua ni binamu wa muuza nyama, na tulimtazama mpaka anapotea kwenye kona. Basi niliweka mstari wa majaribio mwanzo ili uhudumiwe mwanzo. Mtu mwenye akili angefanya nini kingine?

Kontena likatazama mistari miwili iliyoomba kuitwa foleni, likachukua wa mwisho. Halikuuliza wala halikuonya. Ulinieleza baadaye kwamba ndivyo yalivyo makontena yote ya aina hii, usajili wa mwisho hufunika uliotangulia, na kwamba imeandikwa kwenye maelezo. Yameandikwa mengi kwenye maelezo. Ninachotaka kujua ni kontena hili lina undugu na nani.

Hivyo ujumbe wangu wa majaribio uliingia kwenye foleni halisi saa tisa na dakika kumi alasiri. Na siku hiyo mambo yalitakiwa kwenda shwari, maana asubuhi dada wa mapokezi alikumwagia maji mbele ya kizingiti kwa ajili ya bahati, nawe ukayavuka na kompyuta yako kwapani kama bibi harusi.

2. Nilikufa mara mbili.

Foleni ya kukodi ikishatoa ujumbe husubiri mpokeaji aseme amepokea. Mashine yetu ya kuchapia ni ya zamani, inahitaji kupashwa moto kabla ya kusema lolote. Foleni ikasubiri nusu dakika, ikaona kimya, ikautoa ujumbe ule ule tena. Umetueleza kwamba hii ni ahadi rasmi ya huduma hiyo: kila ujumbe utafika angalau mara moja. Ni neno hilo "angalau" ninalolilalamikia. Mtu unaweza kula angalau mara moja kwa siku, lakini kufa kunatosha kwa hesabu kamili.

Dinko ni mtu mwaminifu. Akipewa matangazo themanini anabandika themanini. Asubuhi ya tarehe 7 niliposhuka kwenda kununua mkate nilijikuta kwenye mlango wa jengo letu, kushoto na kulia, kama simba wa lango la benki. Bi Kichka wa ghorofa ya chini, anayetunza funguo za jengo, alikuwa amesimama hapo na mshumaa. Nikamwambia, Bi Kichka, mimi mzima. Akanitazama juu mpaka chini, kisha akasema, "Naona, mwanangu, lakini gundi imeshakauka." Halafu akaniomba nisipige kelele ngazini, kwa kuwa jengo lina msiba.

3. Nimepoteza nafasi yangu kwenye mchezo wa tabla.

Kwenye bustani ya nyuma ya posta tunacheza tabla, mchezo wa ubao na dadu, tukiwa wanane, kila siku baada ya kazi. Nilipofika jioni ile kiti changu kilikuwa na mtu, fundi bomba mstaafu aliyekuwa akiisubiri nafasi kwa miaka minne. Walinipa mkono wote. Walifurahi kwa dhati kuniona, nakiri hilo. Ila walisema si uungwana kumwinua mtu aliyekwisha kukaa, wakaniandika wa mwisho kwenye orodha yao. Niliuliza kama kwenye orodha hiyo wa mwisho ndiye anayehudumiwa. Hawakunielewa.

4. Nimefungiwa nje ya mfumo nilioutengeneza.

Hili hukulijua wakati unasajili, na sikulaumu sana. Mfumo wa utumishi nao unapokea kutoka kwenye foleni ile ile, ili kampuni ipate kutuma shada mfanyakazi wetu anapofariki. Mfumo huo uliposoma jina langu ulituma shada nyumbani, ukafunga neno langu la siri, ukaifuta kadi yangu ya mlango. Tangu hapo kila asubuhi nabisha hodi, mtu ananifungulia, nakaa mezani mbele ya kioo cheusi mpaka saa kumi na moja. Niliwaomba utumishi wanirudishe. Walijibu kwa adabu kwamba fomu ya kurudishwa lazima ijazwe na mfanyakazi mwenyewe kupitia akaunti yake.

Ndiyo maana siwezi kuzifuta jumbe zangu mimi mwenyewe. Ningeweza ningekwisha kuzifuta, na usingesumbuliwa na barua hii.

5. Kaka yangu alikuja.

Hapa nitaandika polepole, uniwie radhi.

Zafir ananizidi miaka saba. Anaishi kwenye nyumba ya wazazi kule Gorna Slivka, anafuga nyuki. Hatujasemezana kwa miaka kumi na moja, na chanzo chake kilikuwa mfumo huu wetu. Mama yetu Donka alipofariki, tangazo lake lilipita kwenye foleni yangu. Mimi niliandika jina langu hapa ofisini. Zafir alipiga simu kutoka kijijini akataja lake, na dada wa simu akaliingiza. Tangazo lilipotoka lilisema: "Mfiwa: mwanawe Stamat." Basi. Kijiji kizima kilisoma kwamba Donka alikuwa na mtoto mmoja, na Zafir ndiye aliyemtunza mama miaka tisa, kumwogesha na kumlisha kwa kijiko, wakati mimi niko hapa nafunga foleni.

Aliniuliza mbele ya watu, kwenye chakula cha msiba. Nikamjibu kwamba mfumo haupotezi majina, labda hakupiga simu. Aliweka uma mezani, akatoka, na tangu siku hiyo hatukuonana. Kila mtu alimwona yeye kuwa mwenye hasira za bure. Mimi nilikuwa na mfumo usiokosea.

Sasa tarehe 8 Oktoba alisoma kwenye lango lake kwamba nimekufa. Alipanda basi la kwanza. Nevena alipofungua mlango alimkuta amevaa suti nyeusi, mkononi ana maua manne ya krisanthemu na sufuria ya ngano ya kuchemsha yenye sukari na kokwa za jozi, yote kama inavyotakiwa kwa marehemu. Mimi nilikuwa mezani nakunywa supu ya maharage.

Nilitegemea azimie au anikumbatie. Hakufanya hata moja. Macho yake yalikuwa mekundu, nikajua amelia kwenye basi. Halafu akatoa mfukoni lile tangazo, alilolibandua langoni kwake na kulikunja mara nne, akalifungua na kuliweka mezani kando ya mkate. Akaweka kidole penye wafiwa.

"Jina langu liko wapi?"

Nikamweleza kwamba lilikuwa jaribio. Nikamweleza kontena, mistari miwili, aliyekuja mwisho. Zafir si mjinga, alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hiyo ya jaribio ameielewa, ila mtu anapojizika kwa mzaha ndipo anapowakumbuka walio wake, na mimi nilimkumbuka Dinko wa gundi kabla yake. Kisha akasema lile alilojia, na nalinukuu kama alivyolisema kwa sababu sijalala vizuri tangu siku ile: "Ulinifuta kwenye karatasi, mdogo wangu. Nirudishe kwenye karatasi."

Nikamwambia haiwezekani. Kuandika kwamba jina lake liliachwa ni kuandika kwamba mfumo ulikosea, nao haukukosea. Nilisema hivyo na supu ikiwa mdomoni. Akafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja. Mlangoni akamwambia Nevena, si mimi, kwamba kwenye arobaini atalitazama lango lake, akaone nimeandika nini. Nevena alichomoa ua moja kati ya yale manne kabla ya kuyaweka kwenye chombo, maana manne ni ya wafu na matatu ni ya wazima. Kisha hakuongea na mimi mpaka Jumapili. Ile ngano tuliila siku tatu.

Unaona basi jinsi mambo yalivyobana. Ujumbe wa arobaini umenakiliwa kutoka kwenye ule wa kwanza: sifa zile zile, wafiwa wale wale. Tarehe 14 kaka yangu atasimama langoni kwake, na kwa mara ya tatu atasoma karatasi isiyo na jina lake. Ana miaka sitini na nane. Sidhani kama kutakuwa na mara ya nne. Kwa hiyo ni bora asisome chochote, na jumbe zifutwe.

6. Kisanduku cha waliokwama.

Lalamiko hili ni la kitaalamu. Foleni ya kukodi ina kisanduku pembeni ambamo kila ujumbe ulioshindwa kufika huwekwa na kutunzwa, na wewe umeweka utaratibu kwamba kila Jumatatu asubuhi tukae tukisome pamoja, ujumbe mmoja mmoja, tuulizane ulishindwa kwa nini na nani aliukosesha njia. Siku za foleni yangu ujumbe ulijaribiwa mara tatu, ukishindwa ulitupwa, na kila mtu akaendelea na kazi yake kwa amani. Sioni faida ya kutunza makosa. Nyumba yenye kisanduku cha namna hiyo haiwezi kukalika.

Kutokana na hayo sita, naomba yafuatayo kwa heshima zote. Jumbe zangu tano zifutwe kabla ya tarehe 14. Kontena liondolewe, na kila kipande cha programu kirudishiwe kuijua foleni yake chenyewe. Ikiwa kontena haliwezi kuondoka kwa sababu Sofia wamelipenda, basi nisajiliwe humo mimi mwenyewe, kwa ile namna ya kitu kimoja tu kwa maisha yote ya programu, ili kila atakayeomba Stamat apewe huyu huyu na asitengenezewe mwingine wa kufa. Kisanduku cha waliokwama kifungwe. Na iwekwe kumbukumbu ya maandishi kwamba mfumo wa zamani, ule wa kabati la chuma, haukuwahi kupoteza ujumbe. Hili la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Nikipata karatasi hiyo yenye muhuri nitampelekea Zafir, na yeye ataelewa.

Yakishindikana yote, nitaomba nihesabiwe marehemu rasmi na nipewe likizo inayolingana na hali hiyo.

Nakushukuru kwa muda wako. Wasalimie wote wa ghorofa ya tatu: dada wa mapokezi, mwambie maji yalikuwa mazuri, kosa halikuwa lake, yule aliyegonga meza na kuvuta sikio, mwambie alikuwa sahihi, na Dinko, mwambie alibandika wima kabisa, sikuona kona hata moja iliyokunjika.

Wako katika ujenzi wa mifumo,

Stamat Garvalov
(yu hai)

Nyongeza. Nilitia sahihi hapo juu saa nne, na sasa ni saa kumi. Bahasha imekaa mezani mchana kutwa na mimi nimekaa mbele yake, sina kingine cha kutazama.

Ndugu Mkuu wa Idara, ile kumbukumbu ya maandishi usiitoe.

Mwaka mmoja baada ya msiba wa mama nilikuwa nasafisha daftari la matukio kwenye kabati la chuma. Niliukuta mstari. Saa nane na dakika saba mchana, Zafir Garvalov, mwana. Mashine ilikuwa imeishiwa karatasi. Programu yangu ilijaribu mara tatu, kama nilivyoiagiza, ikautupa, kama nilivyoiagiza. Alikuwa amepiga simu. Niliusoma mstari ule mara moja, nikaufuta, nikaenda kunywa kahawa. Nimejua kwa miaka kumi, na mtu mwingine aliyejua hakuwepo.

Kile kisanduku cha namba sita kingekuwepo wakati ule, jina la kaka yangu lingekaa humo likisubiri, na Jumatatu asubuhi mtu kama wewe angenikalisha chini nilisome kwa sauti. Kiache wazi. Na kontena liache. Mstari wangu wa majaribio ulipaswa kuwa chini ya wako, nami nilijua hilo tangu nisome maelezo yako mwezi Septemba, ila sikutaka kufundishwa foleni na mtu asiyewahi kusimama kwenye foleni ya ndizi.

Jumbe za miezi mitatu, sita, tisa na mwaka zifute. Wa arobaini usiufute. Naomba uutoe, uurekebishe kwa mkono wako kwa kuwa mimi nimefungiwa, kisha uurudishe kwa saa ile ile. Nakala moja tu, Gorna Slivka, lango la kijani lenye mizinga ya nyuki kando. Wafiwa: kaka yake Zafir, halafu mke wake Nevena. Wenzangu wa kazini wanisamehe. Na pale palipoandikwa kwamba kazi yake haikuwahi kukosea, pasomeke hivi: "Jina la Zafir, mwana wa Donka, liliachwa kwenye tangazo la mama yake kwa kosa la marehemu, na marehemu alijua."

Nitakuwa nimesimama pale langoni siku hiyo tangu asubuhi, na maua yasiyogawanyika kwa mbili.

Ikichapwa mara mbili, safari hii sitalalamika.

S. G.